Siku Isiyo na Mtu

Nilikuwa mwalimu wa historia kwa miaka thelathini na sita, na usheha niliupata baada ya kustaafu, wakati nilipodhani napumzika. Sheha ni mtu anayegongewa mlango kabla ya chai. Mpangaji kagombana na mwenye nyumba, sheha. Paka kafa kisimani, sheha. Jaa la taka limefika dirishani kwa mtu, sheha. Kuhusu jaa hilo nimepeleka barua saba kwa wahusika. Ya nane sikuiandika, kwa sababu nilichoka, na nasema wazi kwamba kuchoka ndiko kulikonifikisha katika haya ninayoyasimulia.

Septemba hii malalamiko yote ya shehia yetu, hapa Mji Mkongwe, nyuma ya Darajani, yaligeuka kuwa ya kunguru. Borafya, aliyehamia kwetu kutoka Kikwajuni na vifaranga kumi na vinne, alibaki na viwili. Akaja barazani kwangu na kanga yake begani, hata kukaa hakutaka.

"Mwalimu, kama kunguru hawaondoki, nitahama mie."

"Uhamie wapi, Bi Borafya? Kunguru wako Unguja nzima."

"Basi waondoke wao."

Nina ugonjwa wa kumsomesha mtu ambaye hakuuliza. Nikamweleza kwamba kunguru hawa hawakuja wenyewe. Waliletwa kutoka Bara Hindi na wakubwa wa serikali, zama za Sultani na Waingereza, ili wausafishe mji kwa kula taka zake. Walipewa kazi wakaifanya, wakazaana, wakawa wengi, na sasa sisi tunaoendelea kutupa taka tunawaita wavamizi. Borafya alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza kama historia inarudisha vifaranga.

Wiki ile ile akaja Usi. Nilimfundisha Usi kidato cha pili, na ninachokikumbuka zaidi ni utosi wake, kwani alikuwa akilala juu ya dawati. Sasa ni afisa wa mradi wa kupunguza kunguru. Aliegesha vespa yake ukutani, akavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Leo uko macho."

Akacheka. Alikuwa kijana mzuri, anaipenda kazi yake, na mtu anayeipenda kazi yake huniongezea uchovu. Akanieleza namna wanavyofanya.

"Kunguru mjanja, Mwalimu. Ukimtilia dawa leo, akaonja mmoja akadhurika, wenziwe hawarudi tena pale. Lazima kwanza umlishe. Siku kumi, siku kumi na mbili, chakula kizuri, pahala pamoja, saa ile ile. Akishakuamini, ndio unatia dawa."

"Na akishakula?"

"Hafi pale pale. Anakwenda zake kulala, haamki. Mtaa hauoni kitu." Akafungua daftari. "Nnataka paa moja tu hapa kwenu, refu, tambarare, lisilopandwa na watoto. Tabu yangu ni hizo siku kumi. Watu nnao wawili, na mitaa mingi."

Hapo ningenyamaza. Lakini mwalimu aliyechoka hujibu swali upesi ili kengele ilie aende zake.

"Paa lipo," nikamwambia. "Na siku kumi zinakaribia kwisha."

Nilikuwa na maana ya paa la Bi Jamna.

Bi Jamna ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mhindu, mjane wa fundi saa. Ana miaka themanini na nne. Wanawe wawili wako Uingereza na kila mwaka wanamwita akakae nao, naye kila mwaka anawaambia baridi ya huko haiwezi. Wahindu waliobaki mjini ni wachache. Siku ya sala hekaluni viatu vyao mlangoni unaweza kuvihesabu bila ya kusimama. Lakini yeye hajaacha hata jambo moja la kwao, na kubwa kuliko yote ni zile siku kumi na tano za mwezi unaopungua, ambazo mwaka huu ziliangukia Septemba, wanapowakumbuka maiti wao.

Kila maiti ana siku yake humo ndani, kwa hesabu ya mwezi, kufuata siku aliyofia. Bi Jamna hupika wali wa maziwa wenye iliki, akakaanga vimkate vya puri, akapandisha paani na kumwekea aliyekufa fungu lake la wali juu ya jani la mgomba. Kisha huwaita kunguru. Kunguru akila, maiti kapokea. Kunguru asipokuja, kuna jambo: maiti ana kinyongo, au aliye hai kakosea. Siku ambazo si za mtu wake hupandisha tonge chache tu, ili ndege wasisahau njia. Nimeisikia sauti yake ikiwaita tangu nikiwa mtoto, na siku zake nazijua kama ninavyozijua za kwetu. Mumewe siku ya nane. Baba mkwe siku ya kumi na moja. Mama yake ya kumi na tatu.

Yaani kila asubuhi, pahala pamoja, saa ile ile, chakula kizuri. Usi aliposikia alicheka mpaka akajipiga paja.

"Baniani mbaya, kiatu chake dawa," akasema.

"Huyu si mbaya."

"Ah, Mwalimu, msemo tu huo."

Nikamwekea sharti, na nilipoliweka nilijiona mtu wa maana. Nilimwambia asithubutu kutia dawa katika siku ya maiti yeyote wa bibi yule. Nikahesabu kwa vidole. Siku ya kumi na tano, ya mwisho, ilikuwa Jumapili. Katika maiti wote wa Bi Jamna niliowajua hapakuwa na wa siku hiyo.

"Jumamosi mchana," nikamwambia Usi. "Akishashuka. Jumapili kunguru wasipokuja si neno, haina mtu."

Ijumaa baada ya sala nikaenda kumwomba ufunguo wa mlango wa paa. Nilimwambia kuna watu wanapita kukagua mapaa kabla ya mvua za vuli, nyumba hizi kongwe zinaanguka. Ulikuwa uongo mzuri, wenye nusu ya ukweli ndani yake. Alifungua fundo la ncha ya sari yake akanipa.

"Chukua, mwanangu. Wakiona ufa waseme, mie macho yangu hayaoni tena nyufa."

Hakuuliza la pili. Nilirudi nyumbani nikamgombeza mke wangu kwa ajili ya chumvi. Maisara akanitazama, akaniongezea mchuzi.

"Si chumvi hiyo, Baba Qais. Kuna jengine."

"Nimechoka tu."

"Umechoka tangu umenioa," akasema, akaondoa sahani.

Jumamosi saa nane mchana, Bi Jamna akiwa kalala, Usi na watu wake wawili walipanda na ndoo yao. Wali wa asubuhi ulikuwa umeliwa wote. Wakaweka wao wali mwingine pale pale, kunguru wakashuka, na haikuchukua hata nusu saa. Wakafagia vizuri. Usi akanirudishia ufunguo, akanishukuru kwa niaba ya mradi. Nikautia mfukoni nikasema nitampelekea mwenyewe kesho.

Jumapili niliamka nikaona kuna kitu kimepungua. Mji ulikuwa na sauti zake zote: mikokoteni, vespa, Borafya akiwaita vifaranga vyake viwili. Nilikunywa chai yangu nusu kikombe ndipo nikatambua kwamba juu yetu palikuwa kimya. Nilikuwa nimeomba kimya hicho kwa miezi. Nilipokipata sikukipenda.

Nikaenda kurudisha ufunguo mapema, nikitumai Bi Jamna yuko hekaluni. Nilimkuta kasimama mlangoni kwake, sinia iko juu ya kiti, imefunikwa kitambaa cheupe.

"Zahor."

"Naam."

"Nilikuwa nakuomba kwa Mungu uje. Goti limekataa. Ngazi nitapanda pole pole, lakini sinia siwezi. Nibebee, mwanangu."

Mtu anaweza kusema ana kazi. Mimi sikuweza. Nikabeba sinia, nikatangulia, yeye nyuma yangu akishika ukuta, ngazi moja, pumzi mbili. Sinia ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia.

"Leo umepika mwingi," nikasema.

"Leo ni ya wengi."

Nikaendelea kupanda.

Juu palikuwa safi kupita kiasi. Bi Jamna alitandika majani ya mgomba, akapanga mafungu matatu ya wali kwa mkono wake, puri juu ya kila moja, akanyunyiza maji. Kisha akasimama akawaita kunguru. Sauti yake imekuwa nyembamba sasa. Akaita, akangoja. Akaita tena. Upande wa Malindi kunguru mmoja alilia mara moja, akanyamaza.

Tukakaa. Jua likapanda. Wali ukaanza kukauka juu.

"Hawaji," akasema.

"Watakuja."

"Jana walikuja wengi kuliko siku zote. Hata kwenye bega alitaka kunitua mmoja." Akakaa juu ya kigoda chake. "Nimekosea nini?"

Hakuniuliza mimi. Aliyauliza yale mafungu ya wali. Mimi nilikuwa naangalia antena za watu, na kwa kutaka kujituliza nikauliza swali ambalo nilidhani jibu lake nalijua.

"Kwani leo ni siku ya nani, Bi Jamna?"

"Ya wale ambao siku yao hatuijui. Aliyezama, aliyepotea njiani, asiyekuwa na mtu wa kumkumbuka. Wote siku yao ni hii." Akaelekeza kidole. "Huu wa shemeji yangu, chombo chake hakikufika Bombei. Huu wa wote nisiowajua majina. Na huu wa baba'ko."

Nikamwambia sijasikia.

"Wa baba'ko, Zahor. Wa Bwana Qais."

Baba yangu alitoka nyumbani Januari ya mwaka sitini na nne, siku za mwanzo za Mapinduzi, kwenda kutafuta unga. Nilikuwa na miaka minane. Hakurudi. Sijui kafia wapi, sijui kama alizikwa. Mama alikataa asomewe hitima. Hitima ni ya maiti, akisema, na mume wangu katoka tu. Alimwekea sahani mezani mpaka mwaka aliokufa yeye. Mimi nilipokuwa mtu mzima sikuthubutu kumpinga, kisha nikawa na kazi nyingi, kisha nikachoka. Nilimpa mwanangu jina lake, nikaona inatosha. Nimeusomesha mwaka ule miaka thelathini na sita, sababu zake na matokeo yake, ubaoni, kwa chaki, nikasahihisha majibu ya watoto wa watu, wala hata siku moja sikusema darasani kwamba na mimi nina mtu wangu mle ndani.

"Kila mwaka?" nikamuuliza.

"Kila mwaka. Siku aliyotoka sote tunaijua. Siku aliyokufa haijui mtu. Basi nikamtia humu." Alikuwa akiongea na wali, hakunitazama. "Baba'ko alikuwa akimletea mume wangu saa yake aitengeneze hata ikiwa nzima, apate sababu ya kukaa wapige soga. Mie nilikuwa bibi harusi mgeni, sijui hata Kiswahili, na yeye ndiye aliyekuwa akinisalimia kwa Kigujarati chake kibovu, watu wanacheka. Sikukwambia kwa kuwa dini yako haitaki haya. Lakini miaka yote amepokea. Miaka yote, Zahor." Akaweka kiganja juu ya kinywa. "Leo kakataa. Nimemkosea nini baba'ko?"

Nilijua ninachoweza kufanya. Ningeweza kunyamaza. Angeshuka ngazi zile na huzuni hiyo, na kwa umri wake huenda angekufa nayo, akiamini kwamba maiti wake wote wamemgeuzia uso siku moja. Hakuna ambaye angejua. Usi angepata sifa kazini, Borafya angefuga kuku wake, na mimi ningebaki sheha mwema. Kunyamaza nimekuzoea maisha yangu yote.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote. Usi, ndoo, dawa, ufunguo. Nikamwambia kwamba hakuna aliyekagua paa. Nikamwambia niliichagua Jumamosi kwa kudhani nafanya adabu, kwa kuwa Jumapili niliiona haina mtu. Sikujitetea kwa vifaranga wala kwa serikali. Nilipomaliza nilikuwa nimesimama mbele yake kama mwanafunzi.

Bi Jamna alinitazama. Kisha mabega yake yakashuka, na nilichokiona usoni mwake sikukitegemea. Ilikuwa faraja.

"Basi si wao," akasema. "Hawajakasirika."

"Hawajakasirika, Bi Jamna."

"Ni wewe tu."

"Ni mimi tu."

Angenipiga kofi nisingeumia vile. Akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo wangu."

Nikampa. Akaufunga kwenye ncha ya sari, mafundo mawili.

"Wale ndege walikuwa hawanihofu," akasema. "Wali wangu ndio uliowaleta. Umewaua kwa mkono wangu, Zahor." Alisema bila ya ukali, naye alionekana kachoka kuliko mimi. "Kama mji hauwataki, si mngekuja kuniambia? Mie ningelia, lakini ningejua. Mnataka mtu akuaminini kwanza ndio mumtende."

Nilikuwa nimesoma vitabu vingi kuhusu serikali zinazoleta watu kwa kazi na kisha zikawachoka, na majirani wanaofungua mlango kwa sababu sauti wanaijua. Nilikuwa nikiyauliza hayo kwenye mitihani. Ufunguo niliuomba mwenyewe, kwa sauti anayoijua.

Akakusanya mafungu mawili ya wali kwenye sinia. Hayo atayapeleka baharini, alisema, samaki nao wanapokea. La tatu akalitia katika sahani ya bati, akapanga puri juu vizuri, akanipa.

"Huu uchukue. Miaka sitini na moja nimemlisha mie jirani. Mwaka huu mlishe wewe mwanawe."

Nilimsaidia kushuka. Hakulikataa bega langu, lakini mlangoni kwake hakuniambia karibu.

Nikapita njia ya jaa, kwa kuwa ndiyo ya kwetu. Matumbo ya samaki ya jana yalikuwa pale pale, meusi kwa nzi. Zamani yasingefika adhuhuri. Borafya alikuwa kasimama mbali kidogo, kaziba pua kwa kanga.

"Mwalimu, mbona leo jaa linanuka hivi?"

"Waliokuwa wakilila wamekufa."

Akatazama juu, mapaa yote, kutoka mwanzo wa uchochoro mpaka mwisho.

"Basi waandikie barua wahusika," akasema.

"Nitaandika," nikamwambia, na safari hii nilijua nitaandika, nikijua pia kwamba itakuwa ya nane tu.

Maisara alikuwa anapepeta mchele mlangoni. Aliiona sahani kabla ya kuniona mimi.

"Ya nani hiyo?"

"Ya baba."

Ungo ukasimama mikononi mwake. "Baba yupi?"

"Baba yangu. Waite watu, Maisara. Alhamisi tumsomee hitima."

Miaka arobaini na mbili tumo ndani ya ndoa hii, na aliwahi kuniomba jambo hilo mara moja tu, mwaka wa kwanza, nikamkaripia. Aliweka ungo chini. Akaipokea sahani kwa mikono miwili, akaifunika kwa kawa, akaiweka mezani upande ule ule ambako mama alikuwa akimwekea baba sahani yake.

"Watauliza kafa lini," akasema taratibu.

"Waambie siku hatuijui." Neno lililobaki halikuwahi kusemwa nyumbani mwetu, si na mama, si na mimi. "Waambie kafa."